Mpunga Wangu Haunuki

Kasongo, mwaka 1958

Februari 2
Mpunga umeiva. Shamba lote la njia ya Lusangi limeinamisha masuke, na ndege wameshaanza wizi wao. Marehemu baba aliandika kila msimu siku za mvua na siku za jua, nami nafuata nyayo zake. Tofauti ni moja: yeye aliamini watu. Mimi naandika mvua, jua, na watu pia. Mwaka jana mpunga wangu ulipungua shambani na hakuna aliyeona kitu. Mtaa huu una macho ya kuona kitenge kipya cha jirani kikiwa bado sokoni, lakini mwizi wa mpunga akipita, wote vipofu.

Kesho tunakata. Mke wangu Amisa amenoa visu. Kaka yake, shemeji Kasimu, amekuja na baiskeli kutoka Nyangwe kutusaidia. Sikumwita. Anasema amekuja kwa mapenzi tu. Ninaandika hapa: anasema.

Februari 4
Mvua tangu adhuhuri. Tumekata kidogo.

Februari 6
Homa ya mafua imeingia mtaani. Kila ua mtu anakohoa. Hospitalini wanasema imetoka nchi za mbali na imezunguka dunia. Mimi sijambo.

Februari 7
Na mimi pia.

Februari 16
Leo nimeketi, nimeshika kalamu. Homa hii ilinivunja mifupa yote. Pua iliziba, macho yalitoka maji, na kuna wakati nilimsikia marehemu mke wangu wa kwanza akiniita uani. Mtaa umezika watu. Mungu ameniacha, namshukuru.

Amisa ndiye aliyeninywesha uji. Hilo nalikubali. Lakini mpunga wangu walivuna wao wawili, yeye na Kasimu, mimi nikiwa chini ya blanketi. Walikata, walipura, waliingiza ghalani, na mwenye mali hakuona hata punje moja. Leo Amisa ameniambia akiwa ameinamisha macho:

"Mupunga tuliuingiza haujakauka muzuri, bwana. Mvua ilikuwa inakuja, hatukuwa na namna. Jua likitoka tutautoa, tuuanike tena."

"Ufunguo wa ghala uko wapi?"

"Kasimu anao."

Kasimu! Nimeuchukua mikononi mwake mwenyewe. Nimeutia kamba na kuuvaa shingoni. Nitalala nao. Amisa aliuona, hakusema neno, na mtu asiyesema neno ana neno.

Februari 18
Sombe ya leo, yale majani ya muhogo, haina kitu.

Februari 19
Samaki wa Nyangwe, wale wa kukaushwa kwa moshi, ambao Kasimu alituletea. Chumvi nimeisikia. Pilipili imeniwasha mpaka masikioni. Lakini samaki mwenyewe hana usamaki. Nilitafuna nyuzinyuzi tu. Nikamwuliza Amisa samaki amekwenda wapi.

"Si huyo uko unamukula?"

"Huyu amechemshwa akatolewa utamu wote. Supu yake ameinywa nani?"

Kisha akachota kutoka sahani yangu, akala, akasema samaki iko muzuri. Bila shaka atasema hivyo. Mpishi hatukani chungu chake.

Februari 21
Kahawa ni maji moto machungu. Nimemwambia anunue kahawa ya kweli. Anasema ni ileile ya siku zote, na kwamba nilimwona mwenyewe akiikaanga. Nilimwona kweli. Lakini nilipita karibu yake wakati anakaanga na hakukuwa na harufu yoyote, na kahawa inayokaangwa huita watu mpaka barabarani. Amenunua nini, kokwa za porini?

Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alipenda methali hii ila hakuifuata.

Februari 23
Nimekwenda kula kwa yaya Zaina, yaani dada yangu mkubwa. Nilitaka kula cha mtu wa damu yangu. Alinipikia kuku wa mafuta ya mawese, wali mweupe, akanikalisha kama mgeni. Kuku alikuwa kama kitambaa. Nilisukuma sahani.

"Yaya, hata wewe?"

Zaina akaweka mikono kiunoni. "Hata miye nini? Lukumani, wanawake wote wa Kasongo tumesahau kupika siku moja?"

Nilikuwa nimeshaliona bakuli la Amisa, lile lenye ua la buluu, limefunikwa juu ya kichanja cha yaya. Basi wanapeana mabakuli, na mabakuli hayaendi bila maneno. Damu nzito kuliko maji, walisema wazee, lakini hawakuona wanawake wakiazimana vyombo.

Februari 26
Grégoire, muuguzi wa hospitali, amenisimamisha njiani. Ni jirani, Mkristo mtulivu, mtu wa kusalimia kwa kofia mkononi. Alisema:

"Bwana Lukumani, homa hii inaacha wengine bila harufu. Pua iko wazi, lakini haisikii kitu, na chakula kinakuwa kama karatasi. Kwa wengine inarudi upesi. Kwa wengine inakawia. Usikasirikie watu wa nyumba."

"Nani amekwambia habari za nyumba yangu?"

"Mama Amisa alipita kuuliza kama iko dawa."

Kwa hiyo pua yangu inajadiliwa hospitalini! Mke wangu amepeleka uso wangu kwa mwanamume mwingine na kuuliza kama una dawa. Nilimwambia pua hii ilijua mpunga wa kila shamba kabla yeye hajavaa koti jeupe.

Hata hivyo nilifika nyumbani nikajipima, maana mimi si mjinga. Nilikata kitunguu kibichi, nikakisogeza puani. Macho yakatoka machozi, pua ikawaka. Nikaponda pilipili, nikavuta: nilipiga chafya mpaka kuku wakakimbia. Pua inayolizwa na kitunguu ni pua nzima. Ugonjwa uko kwenye sufuria.

Machi 1
Jua, la kwanza tangu nipone. Kabla sijamaliza kunawa, Amisa amesimama mbele yangu.

"Bwana, unipatie ufunguo. Tuutoe mupunga leo. Unaanza kunuka."

Nilikwenda naye. Nilifungua mimi. Nilisimama mlangoni, nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Hakuna. Hewa tu. Nikachukua punje ya juu, nikaing'ata: ikavunjika kwa mlio. Mpunga mkavu. Nikamwonyesha nusu mbili za punje kiganjani.

"Juu iko mukavu," akasema. "Chini ndiyo kunanuka. Weka mukono ndani."

Niweke mkono ndani, nichimbe, niumwage nje kwenye mikeka, mbele ya macho ya njia nzima? Mpunga ukiwa ghalani una mlango na kufuli. Ukiwa uani una shemeji. Nilifunga.

Machi 2
Jua. Ameomba tena. Nimekataa tena.

Machi 3
Mvua.

Machi 4
Mvua. Nimegundua kwamba Amisa halali tena chumba cha upande wa ghala. Amehamisha mkeka wake upande wa barabara. Anasema kule kunamchafua roho. Mwanzo mke huhama chumba, baadaye huhama nyumba.

Machi 8
Jua kali. Kasimu amefika tena, na safari hii amekuja na vijana wa kwao wenye baiskeli na magunia matupu. Magunia matupu! Hata mtoto angejua gunia tupu linakuja kutafuta nini.

"Shemeji," akasema, "Amisa aliniita. Tukimwaga mupunga leo na kesho, tutaokoa sehemu. Ule wa chini tutautupa. Hii magunia ni ya kubebea ule uliooza."

"Umeoza? Nani ameuonja?"

"Harufu inafika huku barabarani, shemeji. Kweli hausikii?"

Wote waliniangalia. Yule kijana mwenye shati jekundu alikuwa ameziba pua kwa mkono, na alipoona ninamtazama akaushusha haraka. Nikajua wamefundishana. Walipanga njiani: mmoja aseme, mwingine azibe pua, na mzee mwenye kufuli aone haya, afungue.

Niliwafukuza. Kasimu alipanda baiskeli yake bila kuaga. Amisa alikaa kwenye kizingiti cha jikoni akalia, na nasema kweli, moyo wangu uliuma. Nilisimama nikitaka kumwendea. Lakini mwanamke akilia kwa sababu mpunga haukutoka ghalani, mtu hujiuliza mpunga ule ulikuwa unakwenda wapi.

Machi 12
Haombi tena ufunguo. Hilo linanitia wasiwasi kuliko alipokuwa anaomba.

Machi 13
Mvua.

Machi 17
Nitaandika yote, ili kesho mtu asije akanigeuzia maneno.

Alasiri nilirudi kutoka shambani. Jirani wa nyuma ana matanga, na watu walikuwa wanapita uani kwangu kwenda huko. Nilipozunguka nyumba nilimwona Amisa amechuchumaa mbele ya mlango wa ghala. Mbele yake kulikuwa na chetezo chenye makaa. Moshi mweupe ulikuwa unapanda na kuingia chini ya mlango. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Unafanya nini kwenye ghala yangu?"

Aliruka. "Nafukiza ubani, bwana. Watu wa matanga wanapita hapa. Harufu ya mupunga inawakuta, wanatema mate. Nimeona haya."

"Na midomo?"

"Nilikuwa namuomba Mungu."

Nilipiga magoti. Nilikusanya moshi ule kwa viganja kama mtu anayejifukiza siku ya Ijumaa, nikauvuta kwa pua zote mbili. Ulinikwaruza koo. Nilikohoa. Lakini harufu? Hakuna. Hakuna kabisa. Mimi nimekua katika ubani: nyumba hii ilifukizwa baba alipokufa na nilipooa mara zote mbili. Ubani una harufu ambayo huwezi kuisahau hata ukiwa umelala. Ule moshi haukuwa na kitu. Basi haukuwa ubani. Na kama si ubani, ni kitu gani ambacho mwanamke anakichoma mlangoni mwa mali ya mumewe, akinong'ona?

Yote yakaja pamoja. Chakula kisicho na ladha, kahawa, bakuli la ua la buluu, magunia matupu, chumba alichokihama. Nilimwambia amenifunga kwa dawa tangu nilipokuwa mgonjwa, anilegeze, ufunguo uende kwao.

Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama anayesema na mgonjwa:

"Lukumani, pua yako imekufa. Miye siko mwizi. Pua yako imekufa, na unaniua nayo."

Hajawahi kuniita kwa jina. Tangu nimuoe ni bwana. Nikamwambia: "Nimekuacha, talaka moja."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu."

Akainuka. Kabla ya kuondoka alichukua chetezo, akamwaga makaa kwenye mchanga, akayafukia kwa mguu mpaka moshi ukaisha. "Nyumba yako isiungue," akasema. Aliondoka na kifurushi kimoja kwenda kwa yaya Zaina, na kesho ataendelea Nyangwe kwa kaka yake.

Nimeshinda. Naandika neno hili na sioni ladha yake pia.

Machi 22
Mwezi umeonekana. Ramadhani. Nimekula daku peke yangu, ugali wa jana.

Machi 26
Mvua. Watu wa mtaa huu wamepoteza adabu. Wakipita mbele ya nyumba yangu hujifunika nguo usoni na kuharakisha. Ni hasira zao juu ya talaka. Amisa aliwapendeza, kila mtu alikuwa akimchekea. Sasa wananikomoa.

Machi 29
Mvua usiku kucha.

Aprili 3
Msikitini leo, mtu aliyesimama kulia kwangu katika safu alisogea. Wa kushoto akasogea pia. Swala nzima nilisali nikiwa na nafasi ya mtu huku na nafasi ya mtu kule, kinyume cha tulivyofundishwa. Baada ya salamu nilimwuliza wa kulia nina ukoma gani. Akatazama miguu yake. Akasema: "Mzee Lukumani, nguo zako." Nilizifua jana kwa sabuni! Nilizianika kwenye kamba ya ukutani, ukuta wa ghala.

Nimerudi nikikasirika. Njiani hasira ikapungua, kikabaki kitu kingine nisichokipenda.

Aprili 5
Yaya Zaina amekuja. Hakubisha hodi. Alikuwa na mkono mmoja nyuma ya mgongo na mtandio umefunga pua na mdomo.

"Kaa," akasema. "Funga macho."

"Yaya, nimefunga saumu, sina nguvu ya mchezo."

"Miye pia nimefunga. Funga macho."

Nilifunga. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni. Nikasikia amesogea, pumzi yake karibu na uso wangu.

"Vuta pumzi. Kitu gani iko mbele yako?"

Nilivuta. Nilivuta tena, kwa nguvu.

"Mkono wako," nikasema. "Mtupu."

"Vuta tena."

"Hakuna kitu, yaya."

"Fungua."

Nilifungua macho. Ncha ya pua yangu ilikuwa karibu imguse samaki. Samaki ameoza, tumbo limepasuka, funza wanatembea kwenye jicho. Yaya mwenyewe alikuwa anatoka machozi juu ya mtandio, akamtupa samaki uani, akakimbia ukutani akatapika, na saumu yake ikawa mashakani kwa ajili yangu.

Nilikaa pale nikimtazama samaki. Nzi walimjaa. Niliinama, nikamsogelea mimi mwenyewe, nikavuta. Hewa tu. Ile hewa niliyoivuta mlangoni mwa ghala tarehe mosi Machi.

Yaya alirudi akanyoosha mkono. Nilivua kamba shingoni, nikampa ufunguo.

Juu mpunga ulikuwa wa manjano, mzuri, kama nilivyouona siku zote kwa taa. Nikapenyeza mkono. Mpaka kifundo cha mkono ulikuwa baridi. Mpaka kwenye kiwiko ulikuwa moto kama uji uliotoka jikoni. Mkono ulipotoka ulikuwa mweusi, unateleza, na umeshika ukungu mweupe. Hata hapo, Mungu anisamehe, wazo la kwanza lilikuwa kwamba Kasimu alimwaga maji. Nilitazama juu kutafuta tundu la bati. Hakuna tundu. Ule ulikuwa unyevu wa mvua ya Februari, na mlango uliofungwa, na mimi.

Mpunga wangu unanuka. Naandika kwa kuambiwa.

Aprili 7
Tumeutoa wote, tumeumwaga bondeni. Kuku walikuja, wakachakura, wakaondoka. Watu wa mtaa walikuja kubeba bila kuitwa, nguo zimefunga nyuso. Wale wale niliowaandika hapo juu kuwa hawana adabu. Grégoire alibeba pia. Hakunikumbusha neno lake. Ningependa angenikumbusha, ingekuwa rahisi zaidi.

Aprili 8
Nimesugua ghala kwa maji na majivu.

Aprili 9
Nimesugua tena. Nimepaka chokaa.

Aprili 14
Grégoire anasema hajui kama harufu itarudi. Nilimshukuru. Namwogopa mtu anayesema hajui, kwa maana siwezi kumshuku.

Aprili 20
Idi. Fitri hutolewa chakula, na sisi hapa hutoa mchele. Mwaka huu mimi mwenye shamba njia ya Lusangi nimetoa fitri kwa mchele wa dada yangu. Aliponipimia aliunusa kwanza, bila kufikiri, kama wanavyofanya watu wote. Kisha akaniona, akaona haya. Nikamwambia: "Nusa, yaya. Uninusie na mimi."

Aprili 23, Nyangwe
Nimefika kwa baiskeli, nimelowa tope mpaka magotini. Eda ya Amisa haijaisha. Sheria inaniruhusu kumrejea kwa neno tu, bila kuuliza mtu. Njia nzima nililitamka neno hilo kwa miti, na kila mara lilisikika kama la mtu aliyekuja kuchukua mali yake.

Kasimu alinipokea. Hakunitukana, akanionyesha kiti. Amisa alileta maji ya kunawa, halafu chakula, akakaa mbali kidogo, kama anavyokaa mtu na mgeni. Nilikula. Yeye na kaka yake wakanitazama mdomo.

"Iko namna gani?" akauliza.

Neno la heshima lilikuwa tayari: tamu sana, mama. Nililishika ulimini. Lakini ningesema uongo, nami nimemwita mwongo msimu mzima.

"Sijui," nikasema. "Nasikia chumvi. Nasikia moto. Mengine sijui. Uniambie wewe."

Akasogeza mkeka wake karibu nami.

"Ni samaki ya mto," akasema. "Kasimu aliivua juzi. Niliikausha juu ya moshi wa kuni mbichi, ndiyo sababu iko na harufu ya msitu kidogo. Mawese ni mapya, inanukia kama ukifungua chungu asubuhi. Niliweka tangawizi. Kitunguu niliunguza kidogo, unanisamehe, nilisikia umefika, nikakisahau motoni."

Nikala kwa maneno yake. Alipofika kwenye mawese nilifunga macho, na sitasema nilisikia harufu, kwa sababu sikusikia. Lakini nilijua nakula nini, mara ya kwanza tangu homa. Nililia mbele ya Kasimu. Basi na aone.

Nikamwambia: "Amisa, nimekurejea, kama unataka."

"Kurejea ni neno lako, sheria imekupa. Miye nauliza ingine. Siku nikisema kitu kinanuka, utasema nini?"

Nilivua shingoni ufunguo, ambao yaya alikuwa amenirudishia, nikauweka karibu na sahani yake.

"Ghala ni tupu," nikasema.

"Najua. Nitakuja kuona."

Kasimu akacheka. Ninaandika hapa: alicheka tu.

Aprili 28, Kasongo
Jua. Amisa amefika mchana, nyuma ya baiskeli ya kaka yake. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ghalani, akafungua kwa ufunguo wake.

Niliisugua ghala hiyo asubuhi na jioni tangu nilipoumwaga mpunga mpaka siku niliyompa ufunguo. Kwa macho yangu ni safi kuliko sahani. Kwa pua yangu haijawahi kuwa chafu. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akageuka kunitazama.

"Bado," akasema.

Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji.